Nitoe pesa ya chama nilipie cheti cha mipango ya dawa ya waajiri, ama nibaki kaunta?

SWALI

Shikamoo dada,

Mimi ni mfamasia, naishi Columbus, Ohio, kwetu ni Kwale, na mwaka huu natimiza miaka 8 nikisimama kaunta ya duka la dawa. Nilisoma Nairobi ile digrii ya miaka 5, nikaja huku kumfuata mume wangu, na njia yote ya mgeni nimeipita, karatasi za NABP, yaani muungano wa bodi za famasia, mtihani wa FPGEE wa wafamasia waliosoma nje, TOEFL nimeikalia mimi niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu niko mdogo, masaa ya mazoezi, NAPLEX ambao ni mtihani wa laisensi, mtihani wa sheria, yote hayo yalinila karibu miaka 4 na usiku nilikuwa nawaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee ndio nipate ada. Kwa hiyo mitihani siiogopi, nakuomba usinisome kama mtu anayetafuta njia ya mkato.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Kuna mzee mmoja Mkongomani anafanya kazi ghala la mizigo, huwa anangoja foleni ipungue ndio aje kwangu kwa sababu tunaelewana kwa Kiswahili, chake cha Bukavu changu cha pwani, tunasogea hivyohivyo. Anameza kidonge cha sukari, vile vya kisasa vinavyosaidia na figo, miaka 2 hajakosa mwezi hata mmoja. Januari akaja kama kawaida, nikaingiza dawa kwenye kompyuta, ikanirudia namba 70, dawa haimo kwenye mpango. Kadi ileile, kazi ileile, mtu yuleyule. Akaniuliza, "Ni nani alikatala, dada?" Nikamwambia ni bima. Akaniangalia, akasema, "Hiyo asiransi ni mutu gani?"

Dada nilikosa jibu. Miaka 8 nimeona namba 70, namba 75 ya kuomba idhini kwanza, namba 76 ya kupita kiwango, kila siku, kila saa, na sijui nyuma ya hizo namba amekaa nani. Nilipiga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi, dakika 40 nasikiliza muziki huku watu wamejaa mbele yangu, nikatuma faksi kwa daktari, mzee akaondoka mikono mitupu. Alirudi baada ya wiki 3, macho yameingia ndani, sukari imepanda, ndio daktari akambadilishia kidonge kingine cha familia ileile ambacho mpango sasa unakikubali. Kilipita hapohapo, sekunde 2. Yaani dawa yake ilikuwepo muda wote, dada yake wa tumbo moja, na hakuna aliyemwambia, si mimi si daktari si hao wa simu.

Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta, nikagundua kumbe kuna wafamasia kazi yao ni hiyo, wanakaa upande wa mwajiri wanamsaidia kuchagua na kusimamia mpango wa dawa wa wafanyakazi wake. Nikaitamani hiyo kazi mpaka usingizi ukapungua. Halafu nikaona tangazo la kozi, wiki 10 kwa intaneti, dola 4,800, unatoka na cheti cha mtaalamu wa mipango ya dawa na herufi za kuweka mbele ya jina. Ajenti wao amenipigia mara 3, anasema Ijumaa bei inapanda. Na zamu yangu ya chama ni mwezi ujao, tuko wanawake 12 kila mmoja anatoa dola 400, hesabu inatoka 4,800 juu ya alama. Nikajiambia hii ni ishara. Lakini ile hela nilishaiahidi, ni ya kumalizia paa la nyumba ya mama kule Kwale, ukuta umesimama tangu mwaka jana umefunikwa turubai.

Mume wangu anaendesha lori, anasema una laisensi, unataka cheti cha nini tena, kila mwaka wewe ni mwanafunzi. Mwenzangu kazini anasema nifanye ule mtihani wa bodi, BCACP, wa utaalamu wa kuhudumia wagonjwa wa kliniki. Mkenya mwingine anasema bila rezidensi, yale mafunzo ya kazini ya mwaka mzima, hakuna atakayenitazama, nami nina miaka 39, watoto 2, na nyumba tunailipia. Nimechanganyikiwa. Na kuna kitu kingine kinanichoma, nikitoka kaunta, wazee kama yule wataongea na nani?

Ni mimi,
Mfamasia wa Zamu ya Jioni

JIBU

Marahaba mdogo wangu,

Usilipe. Nimeanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu na huyo ajenti atapiga tena, sasa tuongee taratibu.

Nimesimama kaunta miaka 11 kabla sijahamia upande wa waajiri, na hilo swali la mzee, asiransi ni mutu gani, nimelisoma mara 2 nikaweka simu chini. Wacha nikujibu lenyewe kwanza maana ukilielewa hilo, la cheti linajijibu karibu nusu.

Kwa uwezekano mkubwa hiyo asiransi ni bosi wake. Kampuni ikishakuwa kubwa huku Marekani, mara nyingi hainunui bima, inalipa matibabu ya wafanyakazi kwa pesa yake yenyewe, na ile nembo ya bima unayoiona kwenye kadi ni ya watu waliokodiwa kuendesha makaratasi tu. Hesabu ya 2024 ya KFF, shirika la utafiti wa afya, inasema 63% ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wako kwenye mipango ya namna hiyo. Sheria inayoitawala ni ERISA ya 1974, na inamwambia mwajiri hivi, pesa ya mpango huu isimamie kwa uaminifu kwa faida ya wanachama, kama mtu mwenye busara na ujuzi wa kazi hiyo. Kwenye dawa, mwajiri anakodi PBM, yaani kampuni ya kumsimamia mafao ya dawa. Wako wengi kwa majina lakini 3 ndio wakubwa, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, na tume ya biashara ya serikali, FTC, ilisema Julai 2024 kwamba hao 3 peke yao wanapitisha karibu 80% ya dawa zote za maduka nchini. PBM ndiye mwenye fomyulari, yaani orodha ya dawa zinazolipiwa, na orodha hiyo hubadilika, sana Januari 1, na mara nyingi Julai 1 pia. Kidonge cha mzee hakikuondolewa kwenye orodha kwa sababu kina ubaya. Vidonge vya familia ile vinashindana, kiwanda kimoja kinatoa ribeti, yaani pesa ya kurudisha baada ya mauzo, nene kuliko kingine, orodha inageuka. Na kwenye mkataba wa mwajiri kuna mahali pameandikwa kwamba anakubali orodha ya PBM na mabadiliko yake, na chini kuna saini.

Aliyesaini ni nani? Nimekaa na hao watu. Ni mama mmoja wa HR, ofisi ya wafanyakazi, mchapakazi, mwenye moyo mzuri, anashughulikia meno, macho, likizo za uzazi, pensheni, na mkataba wa dawa wa kurasa zaidi ya 80 ambamo hata neno jeneriki, yaani dawa isiyo ya jina la kampuni asili, lina maana aliyoandika PBM mwenyewe. Pembeni yake kuna broka, wakala wa kumtafutia mipango, na baadhi ya mabroka walikuwa wanalipwa na PBM kwa kila dawa inayopita bila mwajiri kujua, mpaka sheria ya bajeti ya 2021 ikawalazimisha mabroka na washauri wa mipango ya afya kumwonyesha mwajiri wanacholipwa. Kwenye meza hiyo hakuna mtu aliyewahi kuhesabu vidonge kwenye trei. Hata mmoja. Hapo ndipo pengo lako lilipo.

Nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Mwaka wangu wa kwanza upande huu nilipewa faili la klemu, yaani madai ya malipo ya dawa, za kampuni moja, mistari zaidi ya 30,000, nikaambiwa angalia kama kuna cha kutazama. Nimepanga kwa jina la dawa, nikafika metformin, ile dawa ya sukari. Mistari mingi inasema dola 4, dola 6, dola 5, halafu katikati yake mistari michache inasema dola mia kadhaa, mmoja umepita elfu. Jina lilelile, metformin ER, jeneriki, vidonge 60. Wewe umeshacheka maana umeshajua. Ni ile jeneriki ya Fortamet na ile ya Glumetza, ile ya gamba la kutoa dawa polepole, ambayo kwa wagonjwa wengi ungempigia daktari ukamwomba abadilishe kwenda ile ya kawaida kabla mgonjwa hajafika kwenye kiti. Ile kampuni ilikuwa imelipa hivyo kwa miezi 14. Broka hakuona, HR hakuona, mhasibu hakuona, kwa sababu kwao metformin ni metformin na neno jeneriki maana yake ni bei rahisi. Mimi sikuwa na cheti chochote cha mipango ya dawa siku hiyo. Nilikuwa na kaunta.

Ndio nataka ulishike hili mdogo wangu, wewe umekuwa ukisoma upande mmoja wa karatasi hiyohiyo miaka 8. BIN, PCN na namba ya kundi za kwenye kadi, namba 70, 75, 76, 79 ya kuja mapema, kopei ya mgonjwa iliyozidi bei ya dawa yenyewe, yote hayo ni mpango wa mwajiri unaongea na wewe. Kilichobaki kujifunza ni upande wa pili, mkataba na hesabu. Tuseme dawa ya jeneriki ina bei ya kitabuni, ile AWP, ya dola 200. Mkataba wa mwajiri unasema punguzo 80%, mwajiri anatozwa dola 40 na anafurahi kwamba amepunguziwa. Duka lako linalipwa dola 9. Zile 31 zimebaki katikati, ndio hiyo wanaita spredi. Wewe uliyeko kaunta unaiona 9, HR anaiona 40, na hamjawahi kukaa meza moja mkalinganisha. Na hapo kwenu Ohio hili si hadithi, mwaka 2018 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti ya Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, ndani ya mwaka mmoja tofauti ya namna hiyo ilifika dola milioni 224.8, na kwenye jeneriki peke yake ilikuwa 31.4%. Ile ilikuwa pesa ya serikali, lakini mtambo ni uleule.

Kwa nini sasa waajiri wameanza kutafuta watu kama wewe, ni woga, tuseme ukweli. Februari 2024 mfanyakazi wa Johnson & Johnson aliishtaki kampuni kule New Jersey, akidai mpango wao ulilipa zaidi ya dola 10,000 kwa vidonge 90 vya jeneriki ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambavyo mtu angenunua dukani bila bima kwa chini ya dola 80. Januari 2025 jaji aliyatupa madai makubwa ya kesi hiyo kwa sababu mlalamikaji hakuonyesha hasara inayomgusa yeye mwenyewe kwa namna mahakama inaweza kuirekebisha, hakusema ile bei ilikuwa halali. Wakuu wa HR wengi niliokaa nao baada ya hapo waliniuliza kitu kimoja, sisi tuko salama? Na mtu wa kuwajibu hilo mstari kwa mstari ni mfamasia.

Haya, vyeti. Nitakupangia ninavyovijua.

Kwanza tenganisha vitu 2 ambavyo matangazo yanavichanganya makusudi. Kuna cheti cha kumaliza kozi, umekaa, umesikiliza, umejibu maswali, umepewa karatasi. Na kuna uthibitisho wa taaluma, ambapo chombo kinachotahini hakikuuzii somo, mtihani unasimamiwa, unatakiwa uwe na uzoefu fulani kabla ya kukaa, unauhuisha kila baada ya miaka kadhaa, na ukikosea maadili unanyang'anywa. Huo wa pili ndio una uzito. Hiyo kozi ya dola 4,800 kwa ulivyoieleza ni ya kwanza iliyovaa nguo za ya pili. Sisemi ndani yake hakuna kitu, baadhi ya hizo kozi zina walimu wazuri kabisa na utajifunza, nasema bei na haraka yake. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia moja, sitaitaja, nikaweka zile herufi kwenye sivii, na kwenye intavyuu 5 hakuna hata mmoja aliyeniuliza zina maana gani. Iliniuma kwa sababu ilikuwa hela ya ada ya mdogo wangu.

BCACP ya mwenzako ni kitu halali, inatolewa na BPS, bodi ya utaalamu wa famasia iliyoanza 1976, inaheshimika, na ukiipata unaishikilia miaka 7 kabla ya kuihuisha. Lakini mtihani wake ni wa tiba, sukari, presha, pumu, damu. Kwenye mipango ya dawa itakusaidia kama unataka nafasi ya kliniki, mtu wa kukaa na kamati inayochagua dawa, wataiangalia na wataipenda. Haitakufundisha kusoma mkataba wala spredi. Na BPS hawana utaalamu wa mipango ya dawa ya waajiri kwenye orodha yao, kwa hiyo mtu akikwambia ana cheti cha bodi cha hiyo kazi, muulize bodi gani.

Rezidensi, huyo Mkenya hajadanganya lakini amezidisha. Rezidensi ya mwaka mmoja ya famasia ya mipango ipo, vyama vya wafamasia ASHP na AMCP ndio wanaoithibitisha, na kijana wa miaka 26 anayetoka chuo ningemwambia akimbilie. Ila mshahara wake ni mdogo sana ukilinganisha na wa kaunta, na unashindana na watoto waliojiandaa tangu mwaka wa pili. Wewe kwa miaka 39 na nyumba ya kulipia, achana nayo, haikuzuii.

Kuna CEBS, hii wafamasia wengi hawaijui kwa sababu si ya wafamasia, ni ya watu wa mafao ya wafanyakazi, inatolewa na International Foundation of Employee Benefit Plans ya Wisconsin. Ni kozi 5 kila moja na mtihani wake, na ukimaliza zile 3 za mafao ya afya unapata hatua ya katikati inayoitwa GBA. Uzuri wake ni kwamba unalipia kozi moja moja, na yule mama wa HR niliyekwambia anaijua, pengine anayo mwenyewe, kwa hiyo ukikaa mbele yake anaona mtu anayeongea lugha yake. Itakufundisha ERISA, mpango unavyojengwa, nani anawajibika kwa nini. Ya kwanza fanya ukishaingia kazini, maana waajiri wengi wa upande huu wanailipia.

Na jiunge na AMCP, hiki ndicho chama cha wafamasia wa mipango, kiko Virginia. Ada ya uanachama ni kitu kidogo ukilinganisha na 4,800, wana jarida, mikutano, mafunzo ya msingi, na zaidi ya yote wana watu. Kazi yangu ya kwanza huku niliipata kwa mama mmoja niliyekaa naye meza ya chai kwenye mkutano, alinisikia nalalamika kuhusu namba 75 akasema hebu njoo uongee na bosi wangu.

Sasa mlango wenyewe. Usianze kutafuta kazi ya kumshauri mwajiri moja kwa moja, anza na idhini. PBM na makampuni ya bima wanaajiri wafamasia wa kupitia maombi ya idhini, nyingi ni za kufanyia nyumbani, laisensi inatosha, na kaunta yako ni sifa. Usishangae ukilipwa chini kidogo ya sasa, na kazi yenyewe inachosha, foleni ya maombi haina mwisho na wanakupima kwa dakika. Lakini mwaka mmoja na nusu hapo utaona vigezo vinaandikwaje, nani anaviomba, mwajiri gani ana mpango wa namna gani. Kutoka hapo unaruka kwenda mfamasia wa akaunti, yule anayekaa na mwajiri kila robo mwaka kumweleza pesa imekwenda wapi, na kutoka hapo kwenda kwenye makampuni ya ushauri, ambapo unakaa upande wa mwajiri kabisa. Mimi ilinichukua miaka 5. Wengine 3.

Kabla hujaamua chochote, fanya hivi jioni moja watoto wakilala, tafuta matangazo 20 ya kazi unayoitamani, na andika kwenye daftari kila moja inadai nini. Laisensi wangapi, uzoefu wa klemu wangapi, Excel wangapi, rezidensi wangapi, na hizo herufi za dola 4,800 wangapi. Usinisikilize mimi, lisikilize hilo daftari. Na jifunze Excel, mdogo wangu, si kidogo, mpaka uweze kulitazama faili la mistari 30,000 bila kuogopa. Hiyo ni bure au karibu na bure, na ndiyo iliyoniajiri.

Tahadhari moja, unapotafuta kazi utapenda kusimulia kisa cha mzee, na ni kisa kizuri. Kisimulie bila jina, bila dawa kwa jina, bila jina la ghala lake, na usichukue hata karatasi moja ya hapo kazini kwenda kujifunzia nyumbani. HIPAA, sheria ya siri za wagonjwa, haina utani na laisensi yako ulivyoipata mwenyewe umesema.

Uliuliza ukitoka kaunta wazee wataongea na nani. Nakuelewa, na sitakwambia haitauma, mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nachukua zamu za Jumamosi kwenye duka dogo kwa sababu tu nilikumbuka watu, na wewe unaweza kufanya hivyohivyo. Lakini fikiria Novemba ya mwaka uliopita. Kama kwenye kampuni ya mzee kungekuwa na mfamasia mmoja mezani, angemwambia PBM, nipe orodha ya watu wote wanaomeza dawa inayotoka Januari. Wangetoka pengine watu 60. Angewaandikia barua siku 60 kabla, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kama ghala lina Wakongomani, angewaambia dawa inayokuja inaitwa hivi, mpelekee daktari karatasi hii. Au angedai waliokuwa tayari wanaitumia waachwe nayo mwaka huo, PBM wanakubali hilo mara nyingi ukiomba, shida ni kwamba hakuna anayeomba. Mzee angefika kaunta Januari na dawa ingepita kwa sekunde 2. Wewe hapo ulipo umemhudumia yeye kwa dakika 40 za muziki, na wale wengine 59 sijui walikutana na nani.

Na mzee mwenyewe usimwache. Akija mwezi huu mwambie ana haki ya kuomba kitabu cha mpango wake pale HR, kwa maandishi, na ERISA inawalazimu wampe. Mwambie pia dawa ikikataliwa tena kuna rufaa, ana siku 180 tangu akataliwe, na daktari wake anaweza kuandika kwa nini anahitaji ileile. Kama Kiingereza kinampiga chenga, mwandikie mistari 4, asaini, apeleke mwenyewe.

Shemeji yangu wa lori naye ana haki yake, usimpuuze. Hajakataa usome, amechoka kuona mke wake analipia mlango kila mwaka na mlango haufunguki. Kaeni naye na hilo daftari la matangazo 20, muonyeshe kwamba safari hii hatua ya kwanza haina ada. Nadhani utamkuta tofauti.

Ajenti akipiga Ijumaa, muulize mtihani wenu unasimamiwa na nani, chombo gani kimewathibitisha, je masomo yenu yana namba ya ACPE, chombo cha kuthibitisha mafunzo ya wafamasia, na je kampuni yenu inauza pia huduma kwa waajiri. Msikilize anavyojibu la mwisho. Akisema bei inapanda kesho, mshukuru ukate.

Zamu ya chama ikifika, tuma Kwale siku hiyohiyo kabla hujabadili mawazo, mabati yapande kabla ya mvua za masika, turubai haliwezi kumaliza Aprili nyingine. Msalimie mama sana, na ukishapata majibu ya daftari niandikie, nataka kujua Excel imetoka ngapi.